Tunaunda onyesho jipya la vikaragosi Pemba: tuanze na kitendo, sura itafuata

#1 FundiMbawa

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nafungua uzi huu kwa wanaotengeneza vikaragosi vya maonyesho, na kwa wanaotaka kuanza, hasa huku Visiwani. Kikundi chetu kiko Wete. Kwa sasa tunaunda onyesho jipya kuhusu popo wa Pemba, yule mkubwa wa Kidike. Watu wengi wananiuliza pembeni tunavyofanya kazi, nami naona bora niandike hapa hadharani, kila mtu asome na achangie.

Kuna jambo moja ninaloliamini kuliko mengine yote katika kazi hii: onyesho la vikaragosi halianzi na kikaragosi. Nimeona vikundi vya vijana wenye vipaji wanakaa muda mrefu wanachonga sura nzuri, wanapaka rangi, wanashona kanzu na mabuibui madogo ya kupendeza, kisha ndipo wanaulizana, "Haya, sasa atafanya nini?" Kikaragosi kinapanda jukwaani, kinatikisa kichwa, kinapunga mkono, basi. Mwili wake haukujengwa kwa kazi yoyote, kwa hiyo hauwezi kazi yoyote. Hapo ndipo msimulizi anapolazimika kusema kila kitu kwa mdomo, na watoto wanaanza kuangalia mlangoni.

Sisi tunaanza na kitendo. Chukueni huyu popo. Hapatikani kwengine kokote duniani ila kisiwani kwetu. Manyoya yake ni mekundu ya kutu, mabawa na uso ni meusi, na akijitanua anafika kama mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Mwaka 1989 alikuwa amebaki kwa uchache wa kutisha, kwa kuwindwa na kwa misitu kukatwa. Watu wa vijijini wakaamua kumlinda, na hesabu ya mwaka 2008 ikakuta wamezidi 20,000. Ni habari ya fahari kwetu sote. Lakini hesabu haichezeki jukwaani! Huwezi kumwonesha mtoto "elfu ishirini". Unaweza kumwonesha popo mmoja anayeachia tawi.

Basi tulikwenda Kidike na madaftari, na sharti likawa moja: kila mtu aandike vitenzi tu. Ananing'inia. Anajifunika bawa kama mtu anavyojifunika shuka. Jua likikaza anajipepea kwa bawa lile lile. Anatambaa tawini kwa ukucha wa dole gumba. Anatafuna tunda, anafyonza maji yake, anatema makapi. Magharibi ikikaribia anaachia, anashuka kidogo, ndipo mabawa yanampokea. Orodha hiyo ndiyo ramani ya ujenzi. Kila kitenzi kinadai kiungo, na kiungo kisichodaiwa na kitenzi hatukijengi. Popo wetu hana miguu inayotembea chini, hana mdomo unaosema. Anazo kucha zinazoshika, shingo inayozunguka, na bawa linalojikunja.

Popo wa mwanzo tulimfanya kwa taulo lililoviringishwa na maboksi yaliyokatwa kwa kisu. Hakuna rangi, hakuna macho. Tukacheza naye onyesho zima akiwa hivyo hivyo, na tukaita watoto wa mtaani waangalie. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi huona haya kuonesha kitu kisichokamilika. Kama taulo linaweza kumfanya mtoto ashike pumzi pale popo anapoteleza tawini, basi onyesho lipo. Kama taulo halifanyi kitu, rangi haitaliokoa.

Baada ya hapo ndipo tukaingia karakana. Bawa ndilo lililotutoa jasho. Mifupa yake tuliitoa kwenye miamvuli mibovu, kwa kuwa mwamvuli tayari unajua kujikunja na kujikunjua, na nguo yake ni kaniki. Ubaya wake ni chuma. Uzito ukikaa nchani mwa bawa, mkono wa mchezeshaji unachoka kabla hadithi haijafika katikati, na hewa ya chumvi inakula zile ribiti. Tumebakisha chuma karibu na bega tu, huko nje tumeweka fito nyembamba za mwanzi zilizofungwa kwa mshipi wa kuvulia. Sheria nawaachia: uzito uwe karibu na kiwiliwili, nchani pawe pepesi.

Manyoya ni usumba. Kina mama wanaofukia makumbi pwani na kuyaponda ndio waliotuuzia. Rangi yake inakaribia kabisa rangi ya popo mwenyewe, na uzito ni mdogo. Shingo ni vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu mpira unapinda kisha unarudi wenyewe.

Halafu kuna kuruka. Wanaoanza huinua mabawa na mwili kwa pamoja, na kinachotokea ni nguo inayopigwa na upepo. Kaeni mkiangalia ndege yeyote: bawa likishuka, mwili unapanda, bawa likipanda, mwili unazama kidogo. Kwa hiyo mchezeshaji wa kiwiliwili na mchezeshaji wa mabawa wanakwenda kinyume, na hiyo inataka mazoezi mpaka mmoja asikie pumzi ya mwenzake. Wajapani wa bunraku, mchezo wao wa vikaragosi, wana watu watatu kwenye mwanasesere mmoja, mmoja ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu, na kwa desturi yao mtu hukaa miaka mingi kwenye miguu kabla ya kupandishwa. Sisi hatuna miaka hiyo, ila somo lao ni la kweli: mwili mmoja, mioyo kadhaa.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi atufundishe.

#2 Maalim_Ole

Wa alaykum salaam. Ahsante sana kwa kufungua uzi huu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Pemba, darasa la pili na la tatu.

Nina wasiwasi mmoja na nausema kwa nia njema. Mnajua uvumi wa popobawa, yule pepo mwenye mabawa ya popo, wa mwaka 1995 ulivyotikisa kisiwa hiki, watu wakilala nje kwa makundi. Watoto wa leo hawakuwepo, lakini bibi zao wanawasimulia. Mkimtoa popo wa mita moja na nusu kwenye chumba cha giza, nusu ya darasa langu watatoka mbio. Mmelifikiria vipi hilo?

#3 FundiMbawa

Maalim, shukrani kwa swali hili. Ndilo lililobadilisha onyesho letu zaidi ya kitu chochote.

Mwanzo tulitaka kujificha nyuma ya pazia, popo atokee ghafla. Tukaacha. Sasa hatuna pazia wala giza. Tunaingia sote mbele ya watoto tukiwa na mwamvuli, kaniki na furushi la usumba. Msimulizi anaita "Paukwa!", watoto wanaitika "Pakawa!", na tunaanza kuvifunga vitu pale pale mbele ya macho yao. Mtoto anaalikwa kufungua na kufunga mwamvuli, mwengine anashika usumba aone ulivyo. Kichwa kinawekwa mwisho. Halafu tunatulia, na popo anavuta pumzi.

Hiyo pumzi ndiyo siri yenyewe. Kikundi cha Handspring cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimejenga kazi yake yote juu ya pumzi. Farasi wao wa henzerani aliyepanda jukwaa la taifa la London mwaka 2007 huchezeshwa na watu watatu ambao hadhira inawaona waziwazi, lakini baada ya muda mfupi hakuna anayewatazama. Kwa nini? Kwa sababu farasi anapumua, na wao wanamtazama yeye. Mchezeshaji akimtazama kikaragosi wake, hadhira nayo inamtazama kikaragosi. Akiitazama hadhira, kazi imeharibika.

Mtoto aliyemwona popo akifungwa kwa mshipi na kujua kila kilichomo ndani yake hana cha kukimbia. Na hapo ndipo maajabu yanapokuja, kwa sababu anajua kuwa ni mwamvuli, na bado anamhurumia.

Mchezo wenyewe una bibi mwenye shamba la maembe ambaye hataki kuwaona popo, na ana sababu, maana maembe yake yanaliwa. Hatukumfanya mtu mbaya. Popo anakula embe lake, lakini popo huyo huyo ndiye anayebeba mbegu na kuzitawanya msituni. Hilo halisemwi na msimulizi. Popo anaruka, mbegu inaanguka, na kwenye sehemu inayofuata kuna mche. Watoto wenyewe wanapiga kelele kumwambia bibi ageuke aangalie!

#4 Ibn_Mtambwe

Nawapa hongera kwa juhudi. Ila kuna suala ambalo lazima mtu aliseme wazi. Huku kwetu wako wazee na masheikh ambao hawaridhii sanamu za viumbe wenye roho. Mtaingiaje skuli na madrasa? Mmewauliza wenye elimu, au mmeamua wenyewe?

#5 FundiMbawa

Ustadhi, umesema haki na hatukuamua wenyewe. Kabla ya kukata hata kipande cha nguo tulikwenda kwa masheikh wa mtaa wetu na kwa maalim wa madrasa, tukakaa nao. Maoni yao hayakuwa mamoja, na mimi si mtu wa kutoa fatwa kwenye jamvi. Ninachoweza kueleza ni yale waliyotukumbusha wao.

Imo hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah zimfikie, kwamba alikuwa akichezea wanasesere utotoni na wenzake wakija kucheza naye, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Iko kwa Bukhari, na kwa Abu Daud wametajwa pamoja na farasi mwenye mabawa. Wanazuoni wengi wameichukua kama ruhusa kwa vitu vya watoto vya kuchezea na kujifunzia, na wengine wakaifasiri kwa ufinyu zaidi. Anayefuata rai ya pili tunamheshimu, hatuendi kwake kwa nguvu.

Mzee mmoja alitupa njia ya tatu, nayo ni kivuli. Uturuki wana Karagöz, mchezo wa kivuli wa karne nyingi, na wakati wake mkubwa katika enzi za Waosmani ulikuwa nyusiku za Ramadhani, watu wakishatoka tarawehe, kwenye nyumba za kahawa. Umeingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009. Basi kwa madrasa tunatayarisha toleo la kivuli la onyesho hili hili. Umbo bapa la ngozi, taa moja, shuka jeupe. Baada ya tarawehe, inshaallah, Ramadhani tukifika nalo.

Hapa nina njaa ya msaada, kwa sababu ngozi siijui. Tumejaribu kadibodi, kivuli chake ni cheusi kitupu. Nataka mwanga upite, bawa lionekane na mishipa yake.

#6 MwambaNgoma

Vijana hamjambo. Mimi kazi yangu ni kuwamba ngoma, Unguja mjini, tangu nikiwa kijana. Kwenye ngozi nitakusaidia, mwanangu.

Waturuki hutumia ngozi ya ngamia na Wajava wa wayang kulit, mchezo wao wa kivuli, hutumia ya nyati wa majini. Sisi tunayo ya mbuzi na inatosha sana. Kosa la wengi ni kuchukua ngozi iliyokwisha kutiwa dawa za kutengenezea viatu. Ile imekufa, haipitishi mwanga. Unataka ngozi mbichi iliyolowekwa, ikaparwa nyama upande wa ndani na manyoya upande wa nje, ikawambwa kwenye fremu ya mbao na kukaushwa kivulini. Usiiweke juani moja kwa moja, itajikunja na kupasuka. Ikikauka inakuwa ya rangi ya asali, ukiinua mbele ya taa unaona kidole chako upande wa pili. Ukitaka iwe safi zaidi endelea kuipara kwa kipande cha kioo, taratibu, ila karibu na uti wa mgongo iache, hapo ni nene na huwezi kuilazimisha.

Kuchora tumia wino au rangi ya maji yenye nguvu. Rangi ya mafuta inaziba. Matundu ya mishipa ya bawa yapige kwa patasi ndogo na nyundo ukiwa umeweka gogo gumu chini, mpige moja moja, kuanzia katikati kwenda nje.

Na jambo la mwisho, ngozi inanywa unyevu. Masika ikiingia italegea kama ngoma inavyolegea. Ngoma tunaipasha motoni kabla ya kupiga. Umbo lako la kivuli libane kati ya mbao mbili zilizonyooka unapolihifadhi, na usiku wa onyesho lipitishe karibu na moto kidogo.

#7 FundiMbawa

Shikamoo mzee wangu. Umenifungua macho. Kumbe nusu ya kazi ya kivuli tayari ipo kwenye vibanda vya wawamba ngoma wetu!

#8 KijanaWaIlala

Wakuu, nawafuatilia kutoka Dar. Hongereni. Lakini kwa nini mnahangaika na skuli moja moja wakati kuna televisheni na simu? Kenya walikuwa na The XYZ Show tangu 2009, kazi ya Gado, mchoraji katuni Mtanzania mwenzetu, vichwa vya mpira vya wanasiasa. Watoto nao wamekua na Kilimani Sesame, kipindi chao cha vikaragosi. Rekodini, mpandishe mtandaoni, mfikie nchi nzima.

Swali la pili ni la kiufundi. Nimetengeneza kikaragosi cha mdomo kwa sponji ya godoro. Sura iko poa, lakini nikiongea naye anaonekana anatafuna badala ya kusema. Tatizo ni nini?

#9 FundiMbawa

Kaka, nianze na la pili kwa sababu nalipenda.

Video za mafunzo nyingi ni za Kiingereza na zinasema fungua mdomo kwa kila silabi. Kwa Kiswahili haifai namna hiyo. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu na zinakuja mbio mbio. Neno "tunawakaribisheni" lina silabi nane. Ukifungua mara nane, umepata kikaragosi kinachotafuna kashata. Sikiliza mkazo badala yake. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, "tunawakaribishEni", basi fungua wazi hapo, na zile za kabla yake zipe mwanya mdogo tu, mtetemo. Halafu kuna ile m inayosimama peke yake, kwenye "mtoto", "mzee", "mti". Pale midomo imefungwa kweli. Anza neno mdomo ukiwa umefunga, ishikilie kidogo, kisha fungua. Watoto hawajui kwa nini, lakini wanaona kuwa huyu anasema Kiswahili.

Angalia pia mkono wako. Dole gumba ndilo lishuke, vidole vinne vya juu vitulie. Ukiinua vidole vya juu, kichwa kizima kinarudi nyuma na macho yanatazama dari kila anaposema. Bibi wetu wa shamba la maembe anachezwa hivyo, na ndiye peke yake mwenye mdomo katika onyesho zima.

Macho pia: usiweke mboni katikati kabisa. Zisogeze ndani kidogo kuelekea puani, zote mbili kwa kipimo kimoja. Mboni zikiwa katikati hutazama mbali nyuma ya mtu. Zikisogea ndani zinamlenga. Zibandike kwa pini kwanza, umweke mwenzako hatua chache mbele, usogeze mpaka aseme "ananiangalia mimi". Hapo ndipo utie gundi.

Kuhusu televisheni: ile ni sanaa tukufu, na Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, kwa hiyo si jambo geni kwetu. Lakini ni ujenzi mwengine. Mchezeshaji wa kamera anatazama skrini ndogo pale chini, anaona kile atakachoona mtazamaji, na kichwa kinatosha. Ukumbini mtoto wa safu ya nyuma lazima asome kitendo kwa umbo la mwili mzima. Kamera pia haiwezi kumpa mtoto mwamvuli aushike, na sitaki kulikosa hilo. Nasema haya kwa kuwa nimeona nyuso zao.

#10 MkaziWaMlandege

Samahani, mimi naona hii sanaa ya vikaragosi siyo yetu. Tunazo ngoma, tunalo taarab, Mwaka Kogwa, kirumbizi. Kwa nini tuchukue vya Wazungu na Wajapani wakati vyetu vinakufa?

#11 MwambaNgoma

Mwanangu, uchungu wako naujua, kwa sababu mimi mwenyewe naona wanunuzi wa ngoma zangu wanapungua. Lakini si ya Wazungu peke yao. Wativ wa Nigeria wana kwagh-hir, vikaragosi na masimulizi na muziki kwa pamoja, UNESCO wameutambua mwaka 2019. Mali, mji wa Markala, vikaragosi na vinyago vyao vilitambuliwa mwaka 2014. Hao ni Waafrika, na wengi wao Markala ni Waislamu.

Na huyu kijana hajaacha vyetu. Umesoma? Kaniki, usumba, mwanzi, paukwa, ngozi ya mbuzi. Ninachomwomba mimi ni muziki. Usitie kanda. Weka mpigaji wa kweli pembeni mwa jukwaa. Kidumbak kinafaa sana, vifaa vyake vichache na vinabebeka. Mpigaji amtazame popo, popo amsikilize mpigaji. Kule Java dalang, yule anayechezesha na kusimulia usiku kucha, huwaongoza wapigaji kwa kugonga kisanduku kwa kipande cha mbao. Hiyo ni ngoma, mwanangu. Yetu kabisa.

#12 FundiMbawa

Mzee wangu, tumelipokea. Mpaka sasa tulikuwa na mtu mmoja wa tari. Nitatafuta wapiga kidumbak.

#13 BintiMakunduchi

Assalaam alaykum. Mie niko Makunduchi, nina kikundi cha wasichana, wengi wamemaliza skuli wako nyumbani. Tunataka kuanza, na hadithi tunayo: kima punju wa msitu wa Jozani. Nina maswali matatu, kaka FundiMbawa, unistahamilie.

La kwanza, tuanze na nini ikiwa hatuna pesa? La pili, vichwa tulivyojaribu vya karatasi na uji wa ngano vimeota ukungu, vinanuka. La tatu, kibali tunaomba wapi?

#14 FundiMbawa

Wa alaykum salaam dada yangu. Kima punju ni chaguo zuri mno, yule ana mkia, na mkia unasema kuliko uso.

Kuanza: chukueni kanga moja. Fungeni fundo pembeni, hicho ni kichwa, kilichobaki ni mwili. Watu wawili waishike. Kwanza ipumue, bila kufanya kitu chengine. Kisha iangalie mlangoni. Kisha isikie sauti, igeuke, iogope, irudi. Msiongeze neno hata moja. Fanyeni hivyo mpaka wenzenu wanaotazama waache kuwatazama nyinyi. Siku hiyo mnaweza kuanza kufikiria kununua sponji. Na mwambie kila msichana ajaribu kila nafasi, asiwepo wa kichwa daima na wa mkia daima, kwa sababu mikono ina vipaji visivyoonekana mpaka vijaribiwe.

Kisha nendeni Jozani na daftari la vitenzi. Kima punju hana dole gumba la maana, lakini anarukaje? Anashikaje tawi? Majibu hayo yatawaambia mkono ujengwe vipi, kabla hamjafikiria uso.

Ukungu: hapo Pemba tuna dawa yetu. Uji wa ngano au wa muhogo ukichemshwa, ukipoa tia matone ya mafuta ya karafuu, koroga, ndipo ulowanishe karatasi. Mafuta hayo yanazuia ukungu, na mafundi wa karatasi wa nchi nyingi wanayatumia. Yanakamuliwa hapa hapa kwenye kiwanda cha makonyo, Wawi. Msizidishe, ni makali kwa ngozi. Bandikeni safu nyembamba, muache ikauke mpaka ndani kabla ya kuweka nyengine. Ukungu mwingi unatokana na haraka, safu ya juu inakauka na ya chini imefungiwa na maji. Kichwa kiwe kitupu ndani na kiwe na tundu la hewa. Kikishakauka kabisa, vanishi, nje na ndani. Na kama mnaweza, kazi ya karatasi fanyeni kipindi cha kaskazi. Masika shoneni nguo.

Kibali: maonyesho ya hadhara yanapitia Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na mkiingia skuli mzungumze pia na mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya wilaya. Nendeni mapema na muwe na muhtasari wa hadithi kwenye karatasi moja.

Moja zaidi ambalo hukuuliza. Jengeni kwa kipimo cha usafiri wenu. Kila kitu chetu kinaingia mabegi ya kubeba mgongoni, kwa sababu tunapanda daladala na mara nyengine tunatembea. Tawi la popo ni vipande vya mwanzi vinavyochomekana. Shuka la kivuli tunalizungushia chini mifuko ya mchanga tunayoijaza huko huko, maana kusi ikivuma inageuza shuka kuwa tanga la dau.

#15 Maalim_Ole

Nimesoma yote. Ukumbi wetu upo wazi, na mwalimu mkuu nimeshamdokeza. Ombi langu ni kwamba mje kabla hamjamaliza, na popo wa taulo. Nataka wanafunzi wangu waone kitu kinavyotengenezwa, waulize, wabishane nanyi. Wale wa darasa la tatu wanajua popo kuliko sisi, wanaamka nao kila alfajiri kwenye miembe.

#16 FundiMbawa

Maalim, tunakuja. Tutaleta taulo na bawa moja lililokamilika, wavilinganishe. Waambie wawe na majibu ya swali hili: popo akiwa amening'inia kichwa chini, akitaka kumwangalia mtu aliye nyuma yake, anageuza kichwa au anageuza mwili mzima? Sisi wenyewe tunabishana mpaka leo na shingo inasubiri jawabu.

#17 MwambaNgoma

Kuhusu ngozi, mwanangu FundiMbawa. Idd Kubwa inakaribia na mbuzi wengi watachinjwa, ngozi nyingi hutupwa. Beberu mzee usimchukue, ngozi yake ni nene na ina makovu. Nitakuwekea za mbuzi wadogo na majike, nizipare mwenyewe hatua ya kwanza. Kwa bawa la ukubwa ulioutaja ngozi moja haitoshi, itabidi uunge kwenye kiungo cha kifundo, na hapo pawe na fundo la uzi wa ngozi lenye nafasi, ili bawa lijikunje. Nipe vipimo vya kila kipande, uchore kwenye gazeti kwa ukubwa wake halisi, umpe mtu anayevuka na boti aniletee Darajani. Weka na alama upande upi ni wa juu.